UZI: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini mwenyeji atalala wapi?

1/ Naishi West Indies. Kabla hamjaniuliza mambo ya kriketi na reggae, hii ni West Indies ya Eldoret. Hatuna bahari, tuna mto Sosiani tu. Majuzi keateka wa ploti yetu alipiga hodi saa mbili usiku akaniambia: "Kijana, ghorofa ya pili yote inakuwa BnB. Nyinyi wa ghorofa ya tatu mkae mkijua." Akashuka ngazi. Hakuna barua, hakuna tarehe.

2/ Kesho yake nikaleta hiyo stori kwa wenzangu wa darasa na mjadala ukawaka. Mmoja alisema nyumba ni ya mwenyewe, aifanyie anavyotaka. Mwingine akajibu kwamba nyumba si gunia la mahindi, ukiiuza kwa mgeni kuna mtu analala nje. Mabishano haya mtayasikia redioni, kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, na kila msimu wa kura. Kama kawaida ya nyuzi hizi: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Leo ni historia, na itatupeleka visiwani. Mtaona kwa nini.

3/ Kwanza tuelewane maneno. Kila mji una mpango unaosema sehemu hii ni ya makazi, hii ya biashara, hii ya viwanda, hii isijengwe kabisa. Mwenye ploti akitaka kutoka kundi moja kwenda lingine anaomba kibali cha kubadilisha matumizi. Mmeyaona yale matangazo madogo kwenye magazeti, au bango limetundikwa kwenye ua. Watu wengi hupita bila kusoma. Ni makosa, kwa sababu hapo ndipo mtaa wako unapoamuliwa.

4/ Sasa hesabu. Tuseme nyumba inakodishwa 15,000 kwa mwezi. Ukiiweka kwenye mtandao kama BnB kwa 3,000 kwa usiku, usiku tano tu umefikia kodi ya mwezi mzima. Toa umeme, intaneti, kufua mashuka, kumlipa wa kusafisha na siku ambazo hakuna mtu. Bado ukipata usiku kumi au kumi na mbili unamshinda mpangaji. Hakuna roho mbaya hapo, ni hesabu. Lakini mpangaji hawezi kushindana na hesabu hiyo hata akiongezwa mshahara.

5/ Kwenye mji wa bara, anayesukumwa nje anasogea mbele kidogo. Sisi tutaenda Langas, tutaenda Huruma, nauli itapanda, maisha yataendelea. Kisiwani pa kusogea ni pachache. Ardhi haiongezeki, saruji inakuja kwa chombo, na ukitoka mjini sana unaanza kupanda boti kwenda kazini. Ndiyo maana kisiwa kinaonyesha mapema kile ambacho bara linaficha kwa miaka. Twende Unguja.

6/ Watu wakisikia mpango wa mji hudhani ni jambo la wataalamu na ramani. Zanzibar ilikuwa siasa tangu mwanzo. Chini ya Waingereza, sheria za ujenzi zilitenganisha mji wa mawe na upande wa pili wa hori la maji, yaani Ng'ambo, ambako Waafrika wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti. Mwaka 1923 mpangaji wa miji aitwaye Lanchester alichapisha mpango wa mji wa Zanzibar, na ndani yake mitaa iligawanywa kwa kufuata rangi na tabaka.

7/ Ng'ambo kulikuwa na kitu ambacho watu wa Mombasa wanakijua vizuri mpaka leo: nyumba ni yako, kiwanja si chako. Unajenga kibanda chako, halafu unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Miaka ya 1920 wenye viwanja wakaanza kupandisha kodi hiyo. Mwaka 1928 wakazi wakagoma kulipa. Mahakama ikaamuru watu watolewe, na watu, wanawake wakiwa mstari wa mbele, wakakataa. Mwishowe serikali ya kikoloni ikaweka sheria ya kudhibiti kodi za viwanja.

8/ Shikeni hapo. Karibu miaka 100 iliyopita, watu wasio na kura, wasio na mbunge, walilazimisha serikali ikubali kwamba kodi ya makazi si siri kati ya watu wawili. Ni suala la umma. Kwa hivyo mtu akikuambia ati kudhibiti kodi ni wazo la kigeni limeletwa juzi na wanaharakati wa mitandaoni, mwambie apite Ng'ambo kwanza.

9/ Halafu likaja Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964. Ardhi ikawa mali ya serikali, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikataifishwa, wengi wa wenyewe wakiwa wamekimbia. Familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikaingizwa mle kwa kodi ndogo sana. Nyumba iliyokuwa ya tajiri mmoja ikawa ya familia nne, tano, kila moja na chumba chake na jiko lake. Ng'ambo nako yakajengwa maghorofa ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

10/ Wanaopenda historia iwe na malaika na shetani hapa watasumbuka. Kodi ndogo iliwapa watu maskini makao katikati ya mji, jambo ambalo hawakuwahi kulipata. Lakini hiyo hiyo kodi ndogo haikutosha kutengeneza paa. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinataka kupigwa plasta mara kwa mara. Maji yakiingia ukutani, boriti za mikoko zinaoza na dari linashuka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka watu wakiwa ndani.

11/ Na serikali haikuwa na pesa. Zanzibar iliishi kwa karafuu, na bei ya karafuu duniani iliporomoka. Ndipo mlango wa utalii ukafunguliwa. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kulinda uwekezaji. Nyumba kadhaa zilizotaifishwa zikauzwa kwa watu binafsi, kwa wazo kwamba mnunuzi ndiye atakayezikarabati. Mwaka 1994 ukakamilika mpango wa uhifadhi wa mji, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia.

12/ Sasa jiweke kwenye viatu vya mnunuzi. Umenunua gofu. Masharti yanasema utumie chokaa badala ya saruji, usibadilishe mlango wa nakshi, usiongeze ghorofa, baraza ibaki. Gharama yake ni kubwa. Utairudisha vipi? Kwa kodi ya mwalimu wa shule ya msingi? Haiwezekani. Utairudisha kwa mgeni anayelipa kwa dola kwa usiku. Yaani masharti ya kulinda nyumba yenyewe yalimsukuma mwenye nyumba amtafute mtalii.

13/ Hili ndilo nataka mlibebe kutoka kwenye uzi huu, hata mkisahau mengine yote: sheria ililinda ukuta, haikumlinda aliyeishi ndani ya ukuta. Mlango una kinga. Dirisha lina kinga. Mpangaji wa chumba cha nyuma ghorofa ya kwanza hana. Ukipita leo Shangani au Kiponda utaona milango ile ile ya zamani, imepakwa mafuta inang'aa. Soma kibao kilicho juu yake: hoteli, hoteli, duka la zawadi, hoteli.

14/ Na presha haipungui. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi karibu 1,890,000 Unguja na Pemba pamoja. Yaani mgeni mmoja kwa kila wenyeji watatu, na sehemu kubwa ya wageni hao hupita Mji Mkongwe au fukwe chache za Unguja. Ajira zipo, tusidanganyane. Lakini anayetandika kitanda Shangani, jioni anapanda daladala kurudi mbali.

15/ Turudi Kenya, twende Lamu. Watu wanaijua kwa punda na mashindano ya mashua, ila ingieni ndani ya nyumba. Kwa desturi ya familia za Mkomani, upande wa nyumba za mawe, baba alijenga nyumba kwa ajili ya binti yake. Binti akiolewa, mume ndiye anahamia. Mtoto wa pili akihitaji nafasi, wanaongeza ghorofa, au wanarusha chumba juu ya kichochoro kuunganisha na nyumba ya jirani. Chumba hicho wanakiita wikio.

16/ Ina maana nyumba ya Lamu haikuwa bidhaa ya kuuzwa sokoni. Ilikuwa mahari, bima na ukoo, vyote ndani ya kuta nne. Ukiuza, hujauza vyumba tu, umeuza mahali ambapo mjukuu wako wa kike angeolewa. Ndiyo sababu wazee wa Lamu wakizungumzia kuuzwa kwa nyumba sauti zao zinabadilika, na sisi wa bara tunadhani ni ukaidi.

17/ Mpango wa kuhifadhi Lamu ulitolewa miaka ya 1980, na mwaka 1986 mji wa kale ukatangazwa kuwa eneo la hifadhi. UNESCO ikafuata mwaka 2001. Wakati huo huo Shela, kijiji kilicho mwendo wa dakika arobaini hivi kwa miguu kando ya maji, kilikuwa kimegunduliwa na Wazungu wenye hela. Wakanunua magofu, wakayatengeneza vizuri sana, na mengine wakayakodisha kwa wageni wanapokuwa kwao. Bei ya kiwanja Shela ikaacha kufuata mfuko wa mvuvi ikaanza kufuata mfuko wa Ulaya.

18/ Kuna jambo lingine Shela ambalo halisemwi vya kutosha: maji. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unachuja, visima vinajaa. Ukijenga juu ya mchanga ule, au ukipiga kisima na kuvuta maji ya bwawa la kuogelea, bahari inasogea chini kwa chini na maji ya watu yanakuwa ya chumvi. Kwa hivyo kubadilisha matumizi ya kiwanja kimoja Shela kunaweza kuharibu chai ya mtu wa Langoni ambaye hajawahi kuuona huo mkutano wa kibali.

19/ Halafu 2011 ikafika. Mwezi wa Septemba watalii wakavamiwa Kiwayu, Oktoba mwanamke Mfaransa akatekwa Manda. Mwaka 2014 likatokea shambulio la Mpeketoni, na kaunti ikawekewa kafyu ya usiku kwa miezi. Wageni wakatoweka. Sasa ungetarajia nini? Kwamba nyumba zilizokaa tupu zitarudi kwa wenyeji kwa bei nafuu, si ndio?

20/ Sivyo inavyofanya kazi. Nyumba ikishageuzwa ya wageni hairudi kirahisi. Kila chumba kimewekewa choo chake, jiko la familia limegeuzwa baa ya juisi, mwenyewe yuko ng'ambo na anasubiri. Bei aliyonunulia inamzuia kushusha. Mwaka 2020 korona ikaja ikatuonyesha picha ile ile pwani nzima: vitanda vitupu huku, watu wamebanana kule. Kubadilisha matumizi ni mlango unaofunguka kwa urahisi na kufungika kwa shida.

21/ Msidhani ni shida yetu peke yetu. Huko Maui, kisiwa cha Hawaii, moto wa Agosti 2023 uliteketeza mji wa Lahaina na maelfu wakakosa makao, huku maelfu ya nyumba za likizo zikiwa zimesimama kisiwa hicho hicho. Mei 2024 jimbo likatunga sheria ya kuzipa serikali za mitaa nguvu ya kuondoa nyumba za kukodi siku chache kwenye maeneo ya makazi. New York nayo tangu Septemba 2023 inadai mwenye kukodisha chini ya siku 30 ajisajili, na awepo mwenyewe nyumbani mgeni akiwepo. Barcelona imetangaza kwamba leseni za nyumba za watalii hazitaongezwa muda zikiisha 2028.

22/ Na sisi? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mwenye nyumba. Vyote viwili ni sheria, kwa hivyo anayekusomea kimoja tu anakuuzia nusu. Upangaji wa miji uko chini ya kaunti, na Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kubadilisha matumizi. Biashara ya kulaza wageni nayo inataka leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2011.

23/ Shimo liko wapi? Shimo la kwanza: je, nyumba ya ghorofa ikiwekewa wageni wa usiku mbili mbili ni makazi bado, au ni hoteli? Watu wanabishana, na wakati wanabishana biashara inaendelea. La pili: sheria yetu ya kudhibiti kodi za nyumba inawahusu wanaolipa hadi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitajieni bedsita ya 2,500 mjini Eldoret. Kwa hivyo mpangaji wa kawaida hana mahali pa kupeleka kesi ya kodi iliyorushwa juu.

24/ Hapa niwe mkweli, maana hizi nyuzi si za kushabikia upande mmoja. Niliuliza ni nani hulala kwenye hizo BnB za mtaa wetu. Nilidhani ni watu wa raha. Wengine ndio. Lakini wengi ni jamaa wa wagonjwa waliolazwa hospitali ya rufaa, wametoka Turkana, Pokot Magharibi, Busia. Hoteli hawaiwezi, na BnB ina jiko la kupikia uji wa mgonjwa. Mama mmoja aliniambia alikaa wiki tatu. Huyo naye anahitaji pa kulala. Ukipiga marufuku yote umemfukuza yeye kwanza.

25/ Kwa hivyo swali si BnB ziwepo au zisiwepo. Zanzibar na Lamu zinatufundisha kuuliza maswali mengine, na myaulize yeyote atakayekuja kuomba kura:
– Ni ngapi kwa kila mtaa, na nani anahesabu?
– Mpangaji aliyemo anapewa notisi ya muda gani, kwa maandishi?
– Anayegeuza nyumba yake moja na anayegeuza jengo zima wanatozwa sawa?
– Maji na maji taka yamehesabiwa?
– Mkutano wa kibali unafanyika wapi, saa ngapi, na nani aliarifiwa?

26/ Najua swali la mwisho linaonekana dogo. Lakini rudini kwenye hii historia. Mwaka 1923 mji ulichorwa na watu wasioishi Ng'ambo. Baada ya 1985 nyumba kadhaa ziliuzwa kwa watu binafsi. Ni 1928 tu ndipo wapangaji walipokuwa na sauti, na walikuwa nayo kwa sababu waliichukua. Kuta hazikuwahi kukosa wa kuzitetea. Wapangaji ndio walikosa.

27/ Eldoret imekuwa jiji rasmi tangu tarehe 15 Agosti 2024. Jiji likipanda cheo, ardhi nayo inapanda, na maombi ya kubadilisha matumizi yanafuata. Tuko kwenye ile miaka ambayo Mji Mkongwe ulikuwa nayo katikati ya 1980: kabla ya vibao kutundikwa. Visiwa vilichelewa kuuliza. Sisi bado.

28/ Na mimi? Ghorofa ya tatu tungali hapa. Wapangaji tisa tuliketi kwenye ngazi Jumapili, tukaandika barua moja, tukaomba notisi ya miezi mitatu kwa maandishi. Mwenye nyumba hajajibu, ila keateka ameacha kupiga hodi usiku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

29/ Mwisho wa uzi. Kama unaishi Lamu, Unguja, Mombasa au popote ambapo nyumba ya jirani imekuwa ya wageni, niandikie ilivyokuwa: nani alihama, alienda wapi, analipa ngapi sasa. Ukiona nimekosea mahali nisahihishe, sitakasirika. Wiki ijayo: kwa nini kila bajeti ya kaunti ina barabara ile ile kila mwaka.